Picha Namba Arobaini na Moja

Ramani ya ukutani tuliletewa na meli ya Agosti,
imekunjwa mara nane, inanuka kahawa na lami.
Pwani yetu yote hii, mashariki ya Grinlandi,
imepakwa rangi ya maziwa,
na kila ghuba ina mwenyewe:
nahodha, mfalme, mke wa mfalme,
bwana fulani aliyelipia mikate ya mabaharia.
"Nani kati ya hawa," nawauliza, "aliwahi kulala hapa?"
Kuitsi anainua mkono. "Labda wa mikate, Mwalimu."
Tunacheka. Nje upepo unagonga dirisha kama mdai.

Kisha natoa kipande cha mti ndani ya soksi.
Huku kwetu mti hauoti.
Huu ulijileta, umeelea kutoka mito ya Siberia,
miaka kadhaa barafuni,
hadi ulipokutana na kisu cha babu wa babu yangu.
"Fumbeni macho. Vaeni glavu. Haya, someni."
Jino ni rasi, pengo ni ghuba;
unapanda ubavu huu kuelekea kaskazini,
ukifika nchani unageuza,
pwani inaendelea mgongoni.
Ramani hii haitaki taa,
na ikikuponyoka majini, inaelea.
Boasi, ambaye daftari lake ni jeupe tangu Krismasi,
kidole chake kinasimama pengo la nne.
"Hapa ndipo tulipompata sili, mimi na mjomba,"
anasema, kwa sauti ya mtu
aliyekuta ufunguo mfukoni mwa koti kuukuu.

Lakini pengo la tano linadanganya.
Pale mti unaposema barafu, leo ni maji matupu.
Kuitsi amepita hapo na boti, hadanganyiki.
Basi hata ya kwetu imezeeka.
Nilidhani nitaona haya;
badala yake niligawa mbao za kreti za dukani
na visu vidogo. Chongeni mlipo.
Mmoja alichonga njia ya dukani, na mbwa wote wa kuogopwa.
Mmoja alichonga nyumba ambayo baba yake hayumo tena:
mlango ulikuwa mkubwa kuliko nyumba.
Sikusahihisha.

Picha niliiweka mwisho.
Ilitumwa na jumba la makumbusho la ng'ambo,
namba arobaini na moja.
Nyuma yake, wino uliopauka, mwandiko wa kulala:
*Mwanamke, na mbwa Hektor.*
Mbwa ana jina.
Mwanamke ana kifundo cha nywele utosini,
macho ameyafinya kwa mwanga wa theluji,
kiatu kimoja kimefunguka kamba.

Niliirusha kwenye simu za watu wa kijiji.
Jioni nzima wakabishana:
si pua ile; ni pua ile;
tazameni dole gumba, hilo ni la ukoo wa ng'ambo ya ghuba;
wewe unajua nini, ulizaliwa juzi.
Saa sita usiku jina likatua.
Sikulala. Nilikaa nalo mezani
kama mgeni aliyefika chakula kimekwisha.

Makaburini kwetu misalaba ni myeupe, haina maandishi.
Wapita njia hudhani tumewasahau wafu wetu.
Lakini jina halizikwi.
Linatoka, linamngoja mtoto,
linaingia naye ndani likiwa na nepi.
Ndiyo maana yupo mzee anayemwita mjukuu "mama,"
na hakuna anayeshangaa.

Leo asubuhi naita mahudhurio.
Boasi. Yupo. Kuitsi. Yupo, anatafuna.
"Tuperna."
Safu ya tatu, karibu na hita,
msichana wa miaka tisa, jino la mbele limeng'oka.
Haitiki upesi.
Anaitazama picha mkononi mwangu,
anaitazama tena,
kisha anainama, anafunga kamba ya kiatu chake.

"Siku ile," anasema, "niliona baridi sana.
Na yule mbwa hakuwa wetu."